Kamba na konokono wanakufa kwenye tangi la maji ya bahari: maji mapya au mkaa amilifu (mkaa wa kuchuja maji)?

Samaki ni wazima lakini kamba na konokono wanakufa? Shuku shaba au dawa ya kupulizia wadudu. Pima kwanza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Ikionekana, badilisha maji mara moja, mkaa hautasaidia.

Kubadilisha asilimia 30 mara mbili hubakiza takriban nusu ya sumu, iwe ya aina gani. Tumia maji ya osmosisi (yaliyochujwa kupitia utando), chumvi ya bahari gramu 35 kwa kilo, nyuzi 25. Ya bomba huweza kuleta shaba zaidi.

Mkaa hunasa vizuri dawa ya wadudu na sumu za matumbawe laini, lakini shaba kidogo mno: hiyo yataka resini maalumu, chembe za kunasa metali. Tungeanza na maji.

Kagua sumaku za pampu. Iliyopasuka ikashika kutu humwaga metali kila siku, na hapo njia zote mbili hazifui dafu.