Peroksaidi ya kemisti kwa mwani wa ndevu kwenye tangi la mimea: uzoefu wangu

Kama una tangi la samaki lenye mimea hapa Mombasa na umevamiwa na ule mwani mweusi wa ndevu basi soma hii. Sio ule wa kijani wa kwenye kioo ambao ukiusugua kidogo unatoka, huu naosema mie unaota kwenye kingo za majani ya anubiasi na kwenye mdomo wa filta, vinyuzi vifupi vimekazana, ukivuta jani linachanika na mwani uko pale pale.

Dawa iliyonisaidia ni haidrojeni peroksaidi, hii hii ya kusafishia vidonda, nimenunua kemisti chini ya shilingi 200. Kabla ya hapo kuna duka la samaki waliniuzia dawa ya mwani kwa bei ya kuumiza, ule wa kijani ulipungua kweli lakini ndevu hata hazikushtuka.

Ukinunua angalia chupa kwanza, manake zipo za aina mbili. Imeandikwa 10 vol hiyo ni asilimia 3, ndio tunayoitaka. Ikiwa 20 vol ni asilimia 6, ichanganye nusu kwa nusu na maji safi wakati ule ule wa kutumia. Na usiitie kwenye chupa nyeupe ukaiacha dirishani, mwanga unaiua, ndio maana inakuja kwenye chupa ya giza.

Navyofanya: nazima filta na pampu ya hewa, nangoja maji yatulie kabisa, halafu nachukua sirinji bila sindano nasogeza ncha mpaka inakaribia kugusa kishada cha mwani, nasukuma pole pole. Hapo hapo utaona vipovu vidogo vidogo vinachemka kwenye zile ndevu na kupanda juu kama soda. Naacha dakika 10 hadi 15 ndio nawasha filta. Kipimo ni mililita 1 ya ile ya asilimia 3 kwa kila lita 4 za maji, langu ni la lita 80 kwa hivyo mwisho wangu ni mililita 20 kwa siku, sehemu zilizobaki zinangoja kesho. Tafadhali hapa msikimbilie, samaki hawana pa kutokea.

Baada ya siku chache ule weusi unageuka waridi, wallahi mara ya kwanza nilikaa mbele ya tangi naangalia tu. Huu mwani ingawa tunauona mweusi ni wa jamii ya mwani mwekundu, ukifa ndio rangi ile inajitokeza. Kisha unakuwa mweupe, unalainika, na hapo samaki wangu aina ya molly ambao walikuwa hawaugusi wakaanza kuutafuna wenyewe. Ukibaki uvute kwa mpira na ubadilishe maji, usiuache uoze, kwa joto letu hili maji yanafika digrii 30 na maji ya moto yanashika oksijeni kidogo.

Peroksaidi yenyewe haiachi kitu, inavunjika inakuwa maji na oksijeni, hilo ndilo nalolipenda zaidi. Lakini mimea ya valisineria (ile ya majani marefu kama utepe) na mosi inaungua nayo, na kama una kamba wadogo tumia nusu ya kipimo na uipeleke mbali nao.

Sasa ukweli ni kwamba inaua ulioko, haizuii kurudi. Mie nimeweka taima taa ziwake saa 6 tu kwa siku, nikasogeza tangi mbali na dirisha la jua la asubuhi, filta nikaielekeza isukume maji mpaka kona za nyuma kulikokuwa kumelala uchafu, na chakula nikapunguza. Maji pia nabadilisha kidogo kidogo kila wiki, ya mfereji yakitoka nakinga nayatia dawa ya kuondoa klorini, yasipotoka nanunua mitungi ya mkokoteni ila lazima nimuulize mwenye mkokoteni ameyatoa wapi, manake ya kisima cha huku mengi ni magumu na mengine yana chumvi kabisa.

Kwangu ni nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeitoa kwa sababu ya valisineria, mwenye tangi limejaa hizo atafute njia nyingine.