Uzoefu wangu na chama cha wanajeshi wastaafu, nilimpeleka baba kwa kumdanganya

Niseme mapema mimi sijawahi kuvaa gwanda. Mwanajeshi ni baba, sajini mstaafu, miaka 22 kazini na karibu tisa kati ya hiyo alikuwa mkufunzi wa shabaha, yaani kazi yake kusimama pembeni ya kuruta na kumwambia lenga, shika pumzi, piga. Alivyostaafu hakutaka kabisa habari za chama, kila nikimgusia ananijibu "kule wanaenda waliokosa kazi ya kufanya". Ila masikio yakazidi kumsumbua, tivii sauti juu mpaka jirani anaijua taarifa ya habari yote, na mjukuu akimwita haitiki, mtoto anadhani babu kanuna. Nikamwambia twende tukaulizie kitambulisho cha wastaafu. Uongo mtupu, lakini alivaa viatu.

Siku ya kwanza nusura tugeuze. Ofisi ilitakiwa ifunguliwe saa tatu ikafunguliwa saa nne na robo, simu nilikuwa nimepiga wiki nzima haipokelewi, halafu kijana wa mapokezi anataka kopi ya cheti cha kuachishwa jeshi wakati mashine ya kopi iko pale pale nyuma yake imebandikwa karatasi "MBOVU". Nilishaanza kupandisha sauti. Hapo akatoka mzee mmoja chumba cha ndani, mfupi, miwani kwenye paji la uso, akamwangalia baba akasema "kikosi gani wewe?" na baba akasimama wima kama kavutwa na kamba. Kumbe mzee alikuwa sajinitaji, cheo cha juu ya kile cha baba. Wakatajiana vikosi, wakatajiana majina ya watu mimi siwajui, wengi wao marehemu, kwa kama dakika ishirini hivi hakuna aliyekumbuka kama mimi nipo.

Huyo mzee ndo sababu ya mimi kuandika hapa. Kazi yake kusaidia watu kujaza fomu za madai ya kuumia kazini na anaifanya kwa kujitolea, hana mshahara. Hakumuuliza baba "unaumwa nini". Alimuuliza, "Sajini, simu unaiweka sikio lipi?" Baba akasema la kulia. "Na bunduki ulikuwa unaegemeza bega lipi?" La kulia. Akaandika kitu bila kuinua kichwa, akasema "basi la kushoto ndo limekufa zaidi." Baba akanigeukia mimi kama mimi ndo nimemwambia! Mzee akatueleza, ukiegemeza bunduki bega la kulia kichwa kinageuka kidogo, sikio la kushoto linabaki limeelekea mdomo wa bunduki na la kulia linakingwa na kichwa chenyewe. Akamuuliza tena, ukikaa kimya usiku unasikia nini? Baba akanyamaza muda mrefu halafu akasema, "Nyenje. Miaka mingi." Mimi nimeishi na yule mtu nyumba moja, sijawahi kusikia habari ya nyenje.

Akatuandikia barua ya kwenda kupima. Kwenye kile kipimo unakaa kwenye chumba kidogo, unavaa hedifoni, ukisikia mlio unabonyeza. Karatasi ilivyotoka mstari wa sikio la kushoto unaenda vizuri tu kwenye sauti nzito halafu ukikaribia hezi 4000, yaani sauti nyembamba, unatumbukia kama umeangukia shimoni, la kulia nalo limeshuka ila siyo vile. Mpimaji akasema hiyo ndo alama ya kelele, watu wa viwandani na watu wa bunduki wote wanakuja na shimo hilo hilo, na sauti nyembamba kama za watoto pamoja na herufi kama s na f ndo zinapotea kwanza. Hapo nikaelewa kwa nini mimi ananisikia na mjukuu hamsikii.

Sasa madai yenyewe, nisiwadanganye, bado. Miezi saba sasa tunasubiri. Fomu ilirudishwa mara moja kwa sababu tarehe za baba kuwa mkufunzi hazikuonekana kwenye faili lake, ikabidi mzee atafute wenzake wawili waliokuwa naye uwanja wa shabaha waandike barua za ushahidi. Mmoja alipatikana kwenye msiba! Peke yangu ningeishia pale pale kwenye mashine mbovu.

Kingine, chama kinafundisha vijana huduma ya kwanza, kinachangisha damu, kinatembelea wajane na kuwasaidia kufuatilia mafaili ya marehemu, hayo nimeyaona na yanaenda vizuri, siyo maneno ya kwenye bango. Maadhimisho yao ya tarehe 11 Novemba, ya kukumbuka kuisha kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, yalinichosha kidogo, hotuba ndefu, kipaza sauti kinapiga mluzi (wazee wenye masikio mabovu, jamani!), ila kuna babu mmoja alinichekesha, baada ya ile dakika ya kimya ya saa tano akanong'ona kwa sauti ambayo uwanja mzima ulisikia, "lakini kwetu Afrika Mashariki vita haikuisha leo, Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani, kaweka silaha chini Abercorn tarehe 25, wiki mbili baadaye, hao wabeba mizigo wa jeshi nani anawakumbuka?" Nikaenda kuangalia, kweli, 1918, na Abercorn siku hizi ndo Mbala kule Zambia.

Lililonikera kweli ni hili. Alikuja mama mmoja, koplo mstaafu wa mawasiliano, kijana wa mapokezi akamuuliza "marehemu mumeo alikuwa kikosi gani?" Mama akamjibu mume wake ni fundi seremala na yuko hai. Watu wakacheka ila yeye hakucheka, na kwenye fomu ya uanachama kulikuwa na sehemu ya "mke wa mwanachama" tu, mume hakuna. Nimeandika kwenye kisanduku cha maoni, sijajibiwa.

Ukienda, tangulia na kopi zako, cheti, kitambulisho na picha, na uende siku ambayo yule mzee yupo maana asipokuwepo hakuna mwingine anayeijua ile kazi, na yeye mwenyewe juzi kaniambia macho yanamsumbua. Nimempa namba yangu, nimemwambia nitakuwa nakuja kumwandikia. Baba yeye siku hizi anatangulia hata kabla yangu, anakaa kile kiti cha mwisho cha kwenye benchi, sikio la kushoto limeelekea ukutani.