Kamusi ya Kinorwei kwa anayejifunza kupitia Kiingereza: ipi ununue, ipi uiache

Kamusi yangu ya kwanza ya Kinorwei niliinunulia unene. Nilikuwa na wiki mbili tu Bergen, lugha siijui, Kiingereza ndicho pekee cha kunivusha, na rafuni palikuwa na buku la Kinorwei–Kiingereza lililoshiba kama tofali. Nikalipa. Usiku huo nikatafuta "fyr". Nikapata Kiingereza mfululizo: jamaa, mnara wa taa wa pwani, moto wa kuwashia sigara. Hapakuwa na hata alama moja ya kunijuza kwamba "en fyr" ni jamaa na "et fyr" ni mnara. Ni kama kumpa mgeni neno paa bila kumwambia kuna paa la nyumba na paa wa porini. Maneno ya Kiingereza, hayo yalipambwa kwa alama za matamshi mpaka basi.

Kumbe kitabu kile kilitungiwa Mnorwei anayetaka kuandika Kiingereza. Jinsia ya "fyr", yaani kama ni "en" au "et", amezaliwa nayo, haihitaji kuisoma. Kamusi nyingi zinazouzwa Norwei zimelenga mteja huyo, na siwalaumu, maana ndiye aliye wengi. Buku langu nilimpa mtoto wa jirani anayesoma Kiingereza, na linamfaa sana.

Basi ukiwa dukani usihesabu kurasa. Tafuta "fyr" uone kama jinsia imetajwa. Tafuta "gikk", yaani alikwenda, uone kama utaelekezwa kwenye "gå". Mwanafunzi hukutana na neno likiwa tayari limenyambuliwa, kama mgeni anayesoma "tulikwenda" asijue atazame wapi. Angalia kama mbele ya "bok" wameandika wingi wake, "bøker". Halafu uone matamshi yaliyoonyeshwa ni ya lugha ipi. (Na ujue æ, ø na å hukaa mwisho kabisa, baada ya z. Mimi nilisaka "øl", bia, kwenye O hadi nikadhani Wanorwei hawanywi.)

Nafasi ya tatu nazipa kamusi za mfukoni. Zinamtosha mtalii wa siku tano. Barua ya uhamiaji yenye neno "oppholdstillatelse", kibali cha ukaazi, itakushinda ukiwa nayo, kwa sababu maneno marefu kama hayo mara nyingi hayamo na itabidi uyakate mwenyewe: "opphold" ni ukaazi, "tillatelse" ni ruhusa, na ile s ya katikati ni gundi tu.

Ya pili ni Ordnett, huduma ya kulipia mtandaoni yenye kamusi za Kunnskapsforlaget. Kwa maneno ya kazini, benki na hospitali ina nguvu, na ni ya kisasa. Walengwa wake wakuu ni wale wale Wanorwei, kwa hiyo usiitumie peke yake. Kama uko chuoni, ulizia maktaba kwanza. Huenda chuo kimeshalipa.

Lakini kabla hujatoa hata krone moja, fungua ordbøkene.no. Humo mna Bokmålsordboka na Nynorskordboka (kamusi za bokmål na nynorsk, namna mbili rasmi za kuandika Kinorwei), za Baraza la Lugha la Norwei na Chuo Kikuu cha Bergen, bure kabisa. Maelezo ni ya Kinorwei kitupu, jambo linalotisha mwezi wa kwanza, ila jinsia na minyambuliko yote imepangwa kwenye jedwali. Hata "fyr" utaikuta imetenganishwa vizuri. Mimi huanzia kwenye kamusi ya Kiingereza nipate maana, kisha naingia humo kuthibitisha. LEXIN nayo ni ya bure, imetengenezwa kwa ajili ya wahamiaji, na ina Kiingereza, Kisomali na Kiarabu pamoja na lugha nyingine.

Ya kwanza, ile ninayokushauri utoe pesa yako, ni kamusi ya Einar Haugen, iliyotoka 1965 Oslo na Madison, Wisconsin. Haugen alizaliwa Iowa kwa wazazi waliohamia kutoka Norwei, akafundisha Wamarekani lugha hiyo miaka mingi, kwa hiyo alijua mwanafunzi anakwama wapi. Jinsia ipo. Matamshi ni ya Kinorwei, pamoja na toni, maana "bønder" (wakulima) na "bønner" (maharage) hutofautiana kwa mwinuko wa sauti tu. Tena inachanganya bokmål na nynorsk ndani ya kitabu kimoja na kuonyesha neno ni la upande upi. Kwa aliye magharibi hilo si dogo: jiji la Bergen kwa kawaida linaandika "jeg" (mimi) na "ikke" (si) za bokmål, ila karatasi za mkoa wa Vestland zinakuja na "eg" na "ikkje" za nynorsk.

Kasoro zake ni mbili. Inatoka Kinorwei kwenda Kiingereza tu, hakuna kurudi. Na imezeeka: hutapata "nettbank", benki ya mtandaoni, na tahajia imefanyiwa marekebisho tangu wakati huo, bokmål mwaka 2005 na nynorsk 2012. Kwa hiyo isome kwa kuelewa, ila ukiandika barua hakiki tahajia kwenye ordbøkene.no.

Ya mtumba inafaa kabisa. Kabla ya kulipa hakikisha kurasa za utangulizi hazijachanika, kwa sababu ufunguo wa alama zote uko huko.