Siku 6 katika hospitali ya watoto ya kufundishia: uzoefu wangu

Nilifika usiku na barua ya rufaa, mtoto wa miezi 10 begani, anapumua kama aliyetoka kukimbia. Ilikuwa nimonia. Naandika haya kwa sababu kabla ya kwenda niliulizia watu, na karibu kila mmoja aliniambia yale yale: "Kule? Watajifunzia kwa mwanao."

Hofu hiyo niliingia nayo, na mwanzoni ilizidi. Nilieleza ugonjwa mara 4: kwa muuguzi wa mapokezi, kwa mwanafunzi wa udaktari, kwa daktari wa mafunzo ya vitendo, kisha kwa daktari anayesomea ubingwa. Homa imeanza lini? Amenyonya saa ngapi? Amekojoa mara ngapi tangu asubuhi? Mara ya tatu nililia. Mtu angeniambia mapema kwamba nitaulizwa tena, na sababu yake, ningevumilia vizuri zaidi. Hilo niliwaambia wazi siku ya kuondoka, na bado naona ni kasoro kubwa.

Lakini swali la mzio wa dawa nilikuwa nimelijibu "hapana" mara 3 kwa uchovu tu. Mara ya nne ndipo nikakumbuka: akiwa na miezi 6 alitokwa na vipele mwili mzima baada ya kupewa antibiotiki. Daktari aliniuliza jina la dawa, akaliandika kwa wino mwekundu juu ya faili, na dawa iliyokwisha kuagizwa ikabadilishwa kabla haijafika wodini.

Usiku huo huo mwanafunzi alimfunua mtoto fulana, akasubiri atulie usingizini, akahesabu pumzi kwa saa yake dakika nzima. 62. Daktari aliyemsimamia akahesabu upya, naye akapata 62. Akamweleza, nami nasikiliza: mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 na kuendelea kwa dakika ni za haraka, wa mwaka 1 hadi 5, ni 40. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto hapumui kwa mwendo mmoja, na akilia hesabu inakudanganya. Akamwonyesha jinsi sehemu ya chini ya kifua ilivyokuwa ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, maana mbavu za mtoto mchanga bado ni laini. Nilikuwa nimekiona kifua kile siku nzima nyumbani bila kujua ninachokitazama. Kile kifaa cha kubana kidoleni kilisoma oksijeni asilimia 87. Walimwekea mirija midogo ya oksijeni puani, na kulipokucha kilisoma 95.

Raundi za asubuhi ndizo zilizonigeuza mawazo. Watu 9 kuzunguka kitanda kidogo kiasi kile huogofya, sikatai. Ila daktari bingwa hakuwa akitoa amri tu, alikuwa akidai sababu. Kwa nini paracetamol miligramu 120? Mwanafunzi anajibu: ana kilo 8.4, na kila kilo hupewa miligramu zisizozidi 15. Kwa hiyo kila dozi ilipita vinywani mwa watu watatu kabla ya kufika kinywani mwa mwanangu, nami nikiwa nimesimama pale nikisikia yote. Asubuhi ya pili, mwanafunzi mmoja wa kike, kwa sauti ya chini kabisa, alisema dripu imekokotolewa kwa kilo 8.9 za kwenye barua ya rufaa, si 8.4 za mizani ya wodini. Kwa mililita 100 kwa kila kilo, ilikuwa imezidi mililita 50 kwa siku. Si nyingi. Bingwa alimshukuru mbele ya wote, dripu ikarekebishwa hapo hapo.

Kuhusu kujifunzia: kila mmoja aliomba kwanza, "Mama, naomba nimsikilize kifua." Siku moja mtoto alikuwa amechoka nikakataa, na hakuna aliyenikunjia uso. Kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, ilipokuwa inabadilishwa, daktari kijana alijaribu mara 2, mshipa ukampotea, akaacha mwenyewe na kumwita sista mzoefu. Yale majaribio 2 yaliniuma mimi kuliko mtoto, lakini niliheshimu alivyojua pa kuishia.

Nililala kwenye kiti kando ya kitanda siku zote 6. Kiti ni kigumu, beba shuka na mto. Hata hivyo nafasi hiyo si ya kuidharau: zamani hospitali nyingi ziliwazuia wazazi isipokuwa saa chache, na nchini Uingereza ilikuwa mwaka 1959 ndipo kamati ya Harry Platt ilipopendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wodini bila vikwazo vya saa.

Siku ya kuruhusiwa, yule mwanafunzi wa usiku wa kwanza alinipa saa yake ya mkononi. "Mama, hesabu wewe." Nikamfunua mwanangu fulana akiwa usingizini, nikahesabu dakika nzima. 36. Akahesabu naye, akatikisa kichwa kukubali, akaniambia nikipata 50 au kifua kikianza kubonyea nisisubiri kliniki.