TAHADHARI: "Wakala wa utalii wa mvinyo" anayetapeli watengenezaji wa Dodoma na wageni wao

Ndugu zangu watengenezaji wa mvinyo wa Dodoma, wakulima wa zabibu, na ninyi mnaopanga kuja kutembelea mashamba yetu, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna mtu anajitambulisha kama wakala wa utalii wa mvinyo. Akimpigia mtengenezaji anasema ana wageni wa kuleta na ana wanunuzi Ulaya na Marekani. Akiongea na mgeni anasema ana mashamba na viwanda vidogo vinavyomsubiri. Anachukua hela pande zote mbili, na anaweza kufanya hivyo kwa sababu pande hizo hazijuani.

Jina silitaji kwa kuwa analibadilisha kila mara. Kurasa zake zinafungwa na kufunguliwa kwa jina jingine, picha zikiwa zilezile. Angalieni hizo picha. Mizabibu imepanda kwenye vilima vya kijani, nyuma kuna jumba la mawe, chini imeandikwa Dodoma. Aliyewahi kufika Mpunguzi, Hombolo au Chinangali anajua mashamba yetu yanavyokaa: tambarare, mchanga mwekundu, nguzo na waya.

Kwa mtengenezaji anaanza na simu yenye heshima nyingi. Shikamoo mzee, shikamoo mama, nimesikia sifa za mvinyo wako. Anajua una matangi hayajapata mteja, maana hilo ni tatizo la karibu kila mmoja wetu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na kila msimu wapo wanaobaki na zabibu shambani au mchuzi wa zabibu (juisi iliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo) kwenye simtanki wakati wanunuzi wakubwa wameshasema basi. Wanaokumbuka kiwanda cha mvinyo cha DOWICO kilivyokufa wanajua mkulima wa huku ametafuta soko kwa muda gani. Kwa hiyo mtu akikupigia akasema ana mnunuzi Hamburg, Ujerumani, lazima utasikiliza. Asilaumiwe yeyote kwa kusikiliza. Njaa ya soko ipo, na huyu bwana ameisoma vizuri.

Kwanza anadai shilingi 350,000, anaiita ada ya kuingizwa kwenye orodha ya viwanda vidogo teule. Ukishalipa, baada ya muda inakuja barua ya mnunuzi. Mama mmoja wa upande wa Hombolo alinionyesha yake, kaiweka kwenye bahasha ya plastiki pamoja na hati ya shamba. Karatasi nzito, nembo ya rangi, mhuri wa bluu, na ahadi ya kununua makontena mawili kila mwezi. Nilikaa naye tukapiga hesabu. Kontena la futi 20 linabeba chupa zaidi ya elfu kumi. Chupa elfu kumi za mililita 750 ni lita 7,500. Huyu mama ana simtanki nne za lita elfu moja moja, na mvinyo uliomo ni wa msimu mzima. Makontena mawili kila mwezi angeyajaza na nini?

Barua ile haikuuliza chochote kuhusu mvinyo wenyewe. Haikuuliza kileo ni asilimia ngapi, wala zabibu ni Makutupora Red au Chenin Blanc au Syrah, wala ni mavuno ya mwaka gani, wala kama kuna vipimo vya maabara vya asidi na salfa. Haikuuliza bei ya chupa ikiwa bado kiwandani kwako. Mnunuzi wa kweli maswali hayo ndiyo anayoanza nayo, na mengi yanachosha. Anayekuahidi makontena bila kuuliza unachouza, hana haja na mvinyo wako.

Baada ya barua, madai yanaongezeka. Mama huyo aliambiwa apeleke chupa 12 za sampuli Dar es Salaam, na alipe shilingi 850,000 za "kibali cha VI-1" ili sampuli ziingie Ujerumani. Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu neno hilo ndilo linalowatisha watu wakalipa. VI-1 ipo kweli. Ni hati inayoambatana na mvinyo unaoingia Umoja wa Ulaya kutoka nchi za nje, yenye cheti na majibu ya maabara. Lakini hutolewa na taasisi na maabara ya nchi unakotoka mvinyo, ambazo Umoja wa Ulaya umezitambua na kuziorodhesha. Hainunuliwi kwa wakala kwa kutuma hela kwenye simu. Zaidi ya hapo, mzigo usiozidi lita 100 kwa jumla, ukiwa kwenye chupa zenye lebo na zilizofungwa kwa kizibo kisichotumika mara ya pili, hauhitaji hati hiyo kabisa. Chupa 12 ni lita tisa. Alilipishwa 850,000 kwa hati isiyohitajika, na hata karatasi ya kughushi hakupewa.

Kwa wengine hadithi ni ya Marekani. Anadai hela za "usajili wa FDA", yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na "idhini ya lebo". Kiwanda cha nje kinachopeleka chakula au kinywaji Marekani kweli hujisajili FDA, lakini FDA haitozi ada kwa usajili huo. Unachoweza kugharimia ni huduma ya mwakilishi aliyeko Marekani, na huyo unaingia naye mkataba wewe mwenyewe ukimjua. Idhini ya lebo ya mvinyo huombwa na muagizaji wa Marekani mwenye kibali cha TTB, ile idara yao ya kodi ya pombe na tumbaku, na TTB nayo haitozi kitu kuidhinisha lebo. Lebo zilizoidhinishwa zimewekwa wazi kwenye mtandao wao, yeyote anaweza kutafuta. Mwenye kibali na aliyekwisha kuingiza mvinyo ataonekana mle. Mimi pia alinipigia. Nilipomuuliza namba ya kibali cha huyo muagizaji wake, alisema atanitumia jioni, na hakupiga tena.

Kuhusu ile kampuni ya Hamburg iliyotajwa kama mnunuzi kwenye barua ya yule mama, kijana mmoja wa kwetu anayesoma Ujerumani aliitafuta kwenye Handelsregister, daftari la makampuni la huko, ambalo tangu 2022 linasomwa bure mtandaoni. Akaikuta. Kampuni ipo, ni halali, inafanya kazi. Akachukua namba ya simu kutoka kwenye tovuti yao wenyewe, siyo ile iliyo kwenye barua, akapiga. Hawajawahi kusikia habari ya Hombolo wala ya huyu wakala. Anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye barua imezidi herufi moja tu kulinganisha na ya kampuni. Mchezo huu umeumiza wengi: mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza imewahi kutoa onyo kuhusu matapeli wanaojifanya makampuni makubwa ya Uingereza na kuagiza bidhaa kwa mkopo kwa wazalishaji wa Ulaya. Wazalishaji wa mvinyo wa nchi nyingine wamewahi kuitwa China kusaini mikataba mikubwa, wakalipishwa karamu, zawadi na gharama za mthibitishaji wa mikataba, kisha mnunuzi akapotea. Kwa hiyo kukuta jina la kampuni kwenye daftari hakutoshi. Wapigie wao, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Sasa niseme na wageni, maana hili ndilo linaloniuma zaidi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, watu wa Dar wanakuja kutembea mwishoni mwa wiki, na wengi wanatamani kuona zabibu na kuonja mvinyo palepale unapotengenezwa. Jambo zuri sana kwetu. Chupa inayouzwa kwa mgeni aliyesimama mbele yako ina faida kuliko mchuzi unaouzwa kwa jumla. Huyu tapeli ameliona hilo. Anauza "safari ya mavuno" ya siku mbili, shilingi 185,000 kwa kichwa, treni ikiwemo, chakula kikiwemo, kuonja mvinyo viwanda vitatu.

Jumamosi moja gari la kukodi lilisimama kwenye lango la jirani yangu. Wakashuka watu tisa, wengine wamevaa fulana zinazofanana walizochapisha wenyewe kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya dada yao. Wana risiti kwenye simu, zina jina la kiwanda cha jirani yangu. Jirani mwenyewe alikuwa anasafisha matangi, kavaa gambuti, hana habari ya mgeni hata mmoja. Yule dada alikaa kwenye kibaraza akalia. Jirani aliwakaribisha, akawaonjesha alichokuwa nacho, akawazungusha shambani bila kudai shilingi. Lakini safari ile ilikuwa ya Desemba. Desemba zabibu bado mbichi, kijani, ngumu kama kokoto. Hakuna anayevuna.

Kwa hiyo mkiona tangazo la mavuno, angalieni kwanza mwezi. Halafu jambo la treni: tiketi ya SGR hukatwa kwa jina na kitambulisho cha abiria. Wageni wale walilipia watu tisa na hakuna aliyewahi kuulizwa jina kamili wala kitambulisho. Aliwaambia tiketi watazikuta stesheni. Hawakuzikuta, wakadhani ni uzembe tu, wakajikatia tiketi nyingine, na walipofika Dodoma wakakodi gari kwa hela zao. Tiketi kateni wenyewe.

Kampuni inayouza safari za watalii Tanzania inatakiwa kuwa na leseni ya biashara ya utalii, ambayo wengi wanaiita TALA, inayotolewa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Ombeni namba ya leseni na muiulizie Wizara ya Maliasili na Utalii. Jina la kampuni litafuteni kwenye mtandao wa BRELA, wakala wa usajili wa makampuni. Ombeni risiti ya mashine ya EFD, siyo picha iliyochorwa kwenye simu; ya kweli inahakikiwa kwenye tovuti ya TRA. Na kabla ya kubonyeza kutuma, simu yenu inaonyesha jina la anayepokea. Wageni wale waliona jina la mtu binafsi, wakaambiwa ni mhasibu.

Kuliko yote, kipigieni simu kiwanda chenyewe. Mtengenezaji mdogo hapokei wageni tisa bila kujua, lazima aandae glasi, maji, chakula, mtu wa kuwapokea. Muulizeni tu: mnatutegemea Jumamosi? Jibu litakuja hapohapo. Na sisi watengenezaji tuandike namba zetu za simu kwenye lebo na kwenye kibao cha barabarani, zisomeke. Wengi wetu hatujafanya hivyo, na mgeni akikosa namba yetu anampata dalali.

Sisemi kwamba mawakala wote ni wezi. Wapo vijana wanaoleta wageni huku kwa uaminifu, wanakuja kwanza kuona shamba, wanakubaliana bei na mwenyewe, wanapata chao mgeni akishafika. Ndivyo pia kwa mnunuzi: wakala wa kweli hupata kamisheni mzigo ukiuzwa. Anayekudai wewe muuzaji ada juu ya ada kabla chupa moja haijanunuliwa, mwache.

Mliokwisha kulipa, msifute kitu. Hifadhini ujumbe wa muamala, sauti alizotuma, barua, picha za ukurasa wake kabla haujafungwa. Pigieni mtandao wenu wa simu mara moja muombe muamala uzuiwe, hata kama inaonekana mmechelewa. Namba yake itumeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Kisha nendeni polisi mkachukue RB, yaani namba ya taarifa yenu kituoni, hata kama kiasi ni kidogo na mnaona aibu. Yule mama wa Hombolo anayo RB yake, na wale wageni wa Dar wameripoti huko kwao. Mkifika kituoni elezeni kwamba yapo malalamiko mengine ya aina hii Dodoma na Dar es Salaam, na muombe majalada yaunganishwe, maana kila mmoja akienda peke yake inaonekana ni deni la watu wawili waliokosana.