Zahanati ya dokta wetu, Uyole Mbeya

Juzi dada mmoja kazini kaniuliza ampeleke wapi mama yake mwenye presha, nikajikuta namwelezea dokta wetu karibu nusu saa, basi ngoja niweke na hapa wengine wasome.

Ni zahanati ya kawaida tu, ukishuka daladala Uyole unatembea kidogo. Mabenchi ya mbao nje, dirisha la dawa, maabara ndogo. Kinachotuleta pale ni dokta mwenyewe. Kamtibu bibi, kamtibu mama, kanitibu mimi nikiwa shule ya msingi na sasa anawatibu wanangu wawili. Bibi akiingia tu anasalimiwa kwa Kinyakyusa "ugonile" na anaulizwa habari za goti kabla hajakaa. Faili lake ni la karatasi, limechakaa, ila lina kila kitu mpaka ile dawa iliyowahi kumvimbisha uso.

Bibi anasema walimjua dokta akiwa kijana, mfanyakazi wa serikali, yuko zahanati ya kijijini huko Rungwe, anafuata wagonjwa kwa baiskeli mpaka kwenye migomba. Enzi hizo hospitali za binafsi za biashara zilikuwa zimepigwa marufuku tangu 1977, zikaja kuruhusiwa tena 1991, na yeye akafungua hii yake miaka michache baadae. Angeweza kwenda Dar kama wenzake wengi. Alibaki huku kwenye baridi na sisi.

Sasa niwaambie ya mwaka jana mwezi wa saba, mnajua baridi ya Uyole mwezi wa saba. Mtoto wangu wa miezi tisa anakohoa, anachemka, nikakimbilia duka la dawa moja wakanipa dawa ya mseto ya malaria bila hata kumpima. Siku ya pili hali ikawa mbaya nikampeleka kwa dokta. Akaniambia mama mvue nguo za juu, akashika saa, akawa anaangalia tu kifua kinavyopanda na kushuka dakika nzima bila kuongea, mi nimesimama natetemeka. Akasema hamsini na nane, kwa umri huu ikifika hamsini ujue anapumua haraka mno, hiki ni kifua, yaani nimonia. Malaria akapima pia, hamna. Akampa amoksilini ya kuyeyusha ya siku tano, akanionyesha kwa kidole sehemu ya chini ya mbavu, akasema ukiona hapa panabonyea ndani akivuta pumzi, au akikataa kunyonya, usije kwangu, nenda Hospitali ya Rufaa moja kwa moja hata kama ni usiku wa manane. Saa mbili usiku simu inaita, ni yeye, anauliza kama kanyonya. Nililia jamani.

Na sio mtu wa kukujazia dawa. Mtoto wangu mkubwa alikuwa na mafua tu, akasema hii haitaki antibayotiki, mpe maji ya kutosha na vya moto moto apumzike, nikalipa hela ya kumwona basi. Mama naye presha ilisoma juu siku ya kwanza, hakuanzishiwa dawa palepale, aliitwa arudi siku nyingine mbili apimwe akiwa ametulia, ndo akaanza. Kitu kikimzidi dokta anaandika barua kwa mkono uende Rufaa, na ukirudi anataka aone majibu.

Kasoro zipo. Foleni ya Jumatatu inachosha, unaweza kukaa masaa matatu maana dokta hamharakishi mtu. Ultrasaundi hakuna. Bima sio zote wanapokea, ulizeni dirishani kabla hamjakaa. Na dokta umri umeenda, siku hizi Jumamosi anafunga saa sita mchana, kuna kijana daktari anamsaidia, nimemwona naye anashika saa na kuhesabu pumzi za watoto.

Mkienda fikeni saa moja na nusu asubuhi, mbebe kadi ya kliniki ya mtoto na dawa zote mnazotumia nyumbani, hata za kienyeji, ataziulizia na hatawagombeza.