Holsta ya kifuani ya bastola, uzoefu wangu baada ya kuvaa ya ngozi, ya Kydex na ya kitambaa

Ukiuliza holsta (ala ya kubebea bastola) ipi ya kifuani inakaa vizuri mwilini utatajiwa jina la kampuni, afu watu wataanza kubishana ngozi na plastiki mpaka kuche. Mi nimezivaa zote, ya ngozi, ya Kydex ambayo ni plastiki ngumu, na ile ya kitambaa yenye zipu, porini na mtoni, na begi mgongoni na bila begi, na nnachoweza kukwambia ni kwamba kitakachoamua kama utaivaa kutwa nzima au utaivua saa nne asubuhi uitumbukize kwenye begi ni mikanda. Ile sehemu inayoshika bastola zinakaribiana sana siku hizi, kwenye mikanda ndo kuna tofauti, na ndo sehemu ambayo mtu hata haiangalii wakati wa kununua.

Kwa nini kifuani lakini. Kiunoni ni pazuri kama huna mzigo, ila ukibeba begi la maana lenye mkanda wa kiuno ule mkanda unakalia palepale bastola ilipo, sasa ama unaisukumizia bastola kwenye mfupa wa nyonga ama unauacha mkanda wazi na mzigo wote unahamia mabegani. Ukivua samaki ukiwa umeingia mtoni na zile suruali ndefu za mpira, kiuno kiko majini. Ya pajani nilijaribu kidogo nikaachana nayo, chuma cha kilo nzima kinakupiga paja kila hatua, tena ukipita vichakani inanasa kila kitu. Ya kwapani inagombana na mkanda wa begi na juu ya hapo mtutu unamwangalia anayekufuata nyuma, hiyo mi siitaki kabisa.

Na hili wazo sio jipya. Wamarekani waliokuwa wanaendesha vifaru kwenye Vita Kuu ya Pili walikuwa wanavaa bastola yao ya M1911 kwenye holsta ya begani iliyoitwa M3, maana ukishakaa ndani ya kifaru kiunoni hapafikiki. Baadaye ikaja M7 ambayo ni kama ileile, ila wameongeza mkanda wa kuzunguka kifua ili isiyumbeyumbe. Yaani hata jeshi marekebisho yao yalikuwa kwenye mkanda! Za leo wanazovaa waongoza wawindaji na wavuvi kule Alaska, kama Guide's Choice ya Diamond D ambayo ni ngozi, au Kenai ya GunfightersINC ambayo ni Kydex, ukizitazama vizuri utaona ni kizazi cha hiyohiyo.

Sasa uzito. Mi natembea na Glock 20, ile ya risasi za 10mm, inazoingia 15, ikijaa inapita kilo moja. Mwenye rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, ya .44 Magnum kama Smith & Wesson Model 629 ya inchi nne, huyo ana karibu kilo 1.2 hata kabla hajaweka risasi sita zake. Sio mzigo wa kumtisha mtu, ila uzito huo unaning'inia mbele, hauko mgongoni, na kwenye holsta nyingi za kifuani unabebwa na mkanda mmoja unaopita bega moja. Kwa anayetumia mkono wa kulia ni bega la kushoto, kitako cha bastola kinaelekea kulia na mtutu unaangalia chini kushoto. Kwa hiyo saa zote kuna kitu kinakuvuta kwenye pembe ya shingo upande mmoja. Saa ya kwanza husikii kitu, dukani ndo kabisa husikii, ila ikifika mchana unaanza kujikuta unaingiza kidole gumba chini ya mkanda kila dakika kuusogeza.

Ya kwanza kabisa niliyokuwa nayo, ya watu ambao sitawataja, ilikuwa na mkanda mwembamba wa nailoni, upana wa vidole viwili hivi, na ukingo wake ulikuwa mkali kama umekatwa na msumeno. Shati ikilowa jasho ule ukingo unasugua shingo mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Nikapata nyingine yenye sponji nene begani, nikasema hapa sasa raha, kumbe sponji nene ni nzuri tu kama hubebi begi, ukiweka mkanda wa begi juu yake unapata nundu juu ya mtulinga na begi lote linakaa upande. Niliyonayo sasa hivi mkanda wake ni mpana, kama sentimita tano, lakini mwembamba na laini, umeshonwa kingo zake zikakunjwa kwa ndani, na klipu za kurekebishia ziko ubavuni, sio begani. Hiyo ya klipu naomba uiweke akilini maana klipu ikikaa chini ya mkanda wa begi utaijua jioni ukivua shati.

Jinsi ya kuifunga nayo ni nusu ya mambo. Watu wengi naona wanaiacha chini sana, inakaa tumboni, ukipanda mlima kila ukiinua goti linagonga mtutu. Wengine wanaipandisha mpaka juu na wakiinama kufunga kamba za viatu kitako kinakuja kuwagonga kidevu. Kwangu inakaa vizuri ikiwa pale mwisho wa mfupa wa kidari, kiganja kimoja hivi juu ya kitovu ndo mtutu unaishia. Afu ile mikanda ya kuzunguka mbavu, usiikaze ukiwa umesimama umetulia, vuta pumzi ndefu kama mtu aliyetoka kupanda kilima, ndo ukaze, kiganja kiweze kupita chini yake kikiwa kimelala. Ikilegea kuliko hapo, ukikimbia au ukiruka mtaro inarukaruka, ikibana kuliko hapo utahema kwa shida kwenye mwinuko. Na asubuhi una koti, mchana umebaki na shati, kwa hiyo kama klipu zake haziongezi na kupunguza kwa mkono mmoja bila kuivua, achana nayo, utaichukia.

Mpangilio na begi: holsta kwanza, begi juu yake, hivyo ukipumzika unashusha begi na bastola inabaki na wewe. Ule mkanda mdogo wa begi unaofunga mbele kifuani upandishe juu ya bastola, usiupitishe mbele ya kitako, kuna jamaa nimemwona kaufunga juu ya kitako kabisa, sasa hapo una bastola ya nini? Wenye darubini zile za kufunga kifuani hapa kuna ugomvi, vyote viwili vinataka sehemu moja, mi darubini imehamia kwenye mkanda wa begi pembeni. Na dawa ya kupulizia ya pilipili kwa ajili ya wanyama nayo iwe upande wa kushoto kwenye mkanda wa kiuno, maana mara nyingi hiyo ndo utaanza nayo na hutaki mikono miwili itafute sehemu moja.

Haya tuje kwenye hizo aina. Ukiacha ya kitambaa, ya ngozi kwa starehe ya mwili hasa siku za mwanzo naipa namba moja, haipigi kelele, inajikunja kufuata kifua chako, na kingo zake hazikuchomi. Tatizo ni maji. Ngozi inanyonya jasho na mvua, inakuwa nzito, inakauka taratibu, na ukitaka kuiharakisha motoni inakakamaa na kupasuka. Jasho lina chumvi na chumvi na chuma ni maadui, kwa hiyo bastola isilale ndani ya holsta ya ngozi hata kama imekauka, itoe, ifute, ipake mafuta. Kuna kingine ambacho ni cha hatari sio cha starehe: ngozi ikizeeka ikalainika mdomo wake unaweza kujikunja kwa ndani, na ukirudisha bastola ile ngozi iliyokunjika inaweza kusukuma triga, yaani kifyatulio. Ukiona mdomo umelegea hiyo holsta imestaafu, haina mjadala.

Kydex ni plastiki inayopashwa moto na kufinyangwa kwa umbo la bastola yenyewe, kwa hiyo ukiingiza inalia tak na unajua imeshika, halafu kuna skrubu za kukaza au kulegeza kadiri unavyotaka ishike. Mvua haiijui, matope unaosha unatikisa unavaa. Ubaya wake, nyuma kuna kibao kigumu kinacholala kifuani na chini yake unatota jasho, hilo halina dawa zaidi ya shati nzuri, na zile za bei chee kingo zake hazijasuguliwa vizuri, zinachoma mbavu ukikaa. Ikigonga mwamba au zipu ya koti inasikika mbali, mwindaji utakereka. Skrubu nazo zinalegea kwa mtikisiko wa kutembea, weka ile gundi ya nyuzi za skrubu ya rangi ya bluu, na bado uziguse kwa kidole kila ukivaa. Pamoja na hayo yote hii ndo nimebaki nayo, sababu ni huo mkanda niliousema na sababu ni kwamba nikiwa nimelowa chapachapa inafanya kazi vilevile kama nikiwa mkavu.

Ya kitambaa, yaani kile kibegi cha kifuani chenye zipu na bastola ndani, uzito wake unagawanyika mabega yote mawili na mgongoni, kwa kukaa mwilini siku nzima iko vizuri kuliko zote, na watu unaopishana nao njiani hawaoni kitu. Ila kufungua zipu ndo utoe ni hatua mbili, kifua kinapikika kwenye joto, na lazima ndani yake kuwe na ala ngumu inayofunika triga yote. Bastola kuiweka tu humo na funguo na kisu kidogo vinaogelea pamoja nayo, hapana jamani. Na ujue kubeba waziwazi na kubeba kwa kuficha ni vitu viwili tofauti kisheria sehemu nyingi, hata hii ya wazi ukifunga zipu ya koti juu yake inaweza kuhesabika umeficha, kwa hiyo kibali chako kisome vizuri kinasemaje.

Mama watoto naye aliijaribu hii yangu akaikataa palepale, na ana haki, zimetengenezwa kwa kifua bapa. Kilichomfaa ni yenye mikanda ya mabega mawili, ikashushwa chini ya matiti na kusimamishwa wima kidogo, isilale mshazari. Holsta nyingine hiyo pembe huwezi kuibadilisha kabisa, kwa hiyo kama unamnunulia mtu au wewe mwenyewe una umbo hilo, uliza kwanza.

Kitu ambacho kwenye maelezo ya wauzaji hukikuti ni mkono wa kushoto. Bastola ikitoka inapita kutoka kushoto kwenda mbele, na kama mkono wako wa kushoto umeunyoosha, mtutu unaupitia. Mazoea yangu, kiganja cha kushoto kinalala kifuani juu kabla ya wa kulia kushika kitako, kinabaki hapo mpaka mtutu umetazama mbele. Rafiki anayetembea na wewe asikae kushoto kwako ukiwa unafanya hivyo. Fanya mazoezi na bastola tupu, umetoa magazini, umeangalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole, risasi ziko chumba kingine, na ufanye ukiwa na koti, na glavu, na begi mgongoni, maana ukiwa na fulana nyumbani kila holsta ni nyepesi. Kurudisha ni polepole huku unaangalia, hakuna aliyewahi kupewa zawadi kwa kurudisha haraka, na nyuzi za kuvutia koti zile zinazoning'inia zikate, zisije zikaingia pamoja na bastola. Kuvua ndo raha yake, unafungua klipu moja ya ubavuni inatoka yote na bastola ikiwa ndani, hakuna haja ya kuishikashika chuma ukiwa umechoka, unaipeleka moja kwa moja inapofungiwa.

Kwa wenye saiti (kifaa cha kulengea) ya nukta nyekundu juu ya bastola, hakikisha holsta imekatwa nafasi yake, nyingi za ngozi za kizamani hazina. Na kama umefunga tochi chini ya mtutu, holsta inatakiwa iwe ya bastola yako pamoja na tochi hiyohiyo uliyonayo, kwa sababu kwenye nyingi za aina hiyo kinachoshikwa ni tochi na sio bastola, ukiweka bastola bila tochi inacheza humo ndani na pembeni ya triga panabaki uwazi wa kutosha kupitisha kidole au kijiti. Mi tochi nimeiacha, naivaa ya kichwani.